Jagina wa Mpakani: Kwa Nini Shujaa wa Hadithi Hafanani na Watu Wake

Msomaji wa hadithi za fantasia, yaani hadithi za kubuni ambamo mambo yasiyowezekana katika maisha ya kila siku huchukuliwa kuwa ya kawaida, hukutana mara kwa mara na shujaa asiyefanana na watu waliomzaa. Watu wake ni waoga naye ni jasiri. Watu wake ni wakatili naye ana huruma. Watu wake hufa kwa mkuki mmoja, naye mikuki humgonga na kuanguka chini. Katika masomo ya fasihi simulizi yanayofundishwa katika shule za sekondari nchini Kenya, shujaa wa aina hii huitwa jagina, na wanafunzi huandika sifa zake daftarini: huzaliwa kwa namna ya ajabu, huwa na nguvu zipitazo za binadamu, huitetea jamii yake, huwa na siri ya udhaifu wake, na aghalabu hufa kwa kusalitiwa na mtu wa karibu. Orodha hiyo ni sahihi, lakini inaeleza tu jinsi jagina alivyo tofauti, wala haielezi kwa nini jamii inayomsifu ilihitaji awe tofauti nayo.

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba jagina huonekana mgeni kwa watu wake kwa sababu hadithi imemweka mahali ambapo watu hao wanakutana na wengine, wawe majirani, maadui, mizimu au wageni waliovuka bahari, na kwamba kile kinachoitwa ugeni wake mara nyingi ni alama aliyoachiwa na hao wengine. Watu wake hawakufika huko. Yeye alifika, au alitoka huko, ndiyo sababu ana kitu wasichokuwa nacho.

Kahawa Wendani, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, ndani ya Kaunti ya Kiambu lakini karibu sana na mpaka wa jiji, ni mahali pafaapo kuanzia uchunguzi huu. Eneo lote hilo liliwahi kuwa la mashamba ya kahawa; jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho kilianza katika kambi ya jeshi la Uingereza iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ili igeuzwe chuo; na wapangaji wa magorofa yake, wengi wao wakiwa wanafunzi na vijana wanaoanza kazi, wametoka kila pembe ya nchi, hivi kwamba Fumo Liyongo wa Waswahili, Lwanda Magere wa Waluo na Mugo wa Kibiru wa Wagikuyu wanaweza kusimuliwa katika ngazi za jengo moja. Kati ya hao watatu, Mugo ndiye wa karibu zaidi na eneo lenyewe, na ingawa hakuwa mpiganaji, habari zake zimebeba karibu kila kitu kinachomfanya jagina awe jagina.

Mugo wa Kibiru, ambaye pia huitwa Chege wa Kibiru, anakumbukwa kuwa mtabiri aliyeishi kabla ya utawala wa Waingereza kuingia katika nchi ya Wagikuyu. Masimulizi yanasema kwamba hakuzaliwa katika boma alilokulia, bali mtu aliyeitwa Kibiru alimkuta msituni akiwa mtoto asiye na wazazi, akamchukua na kumlea kama mwanawe. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, ameeleza kisa kilichomfanya Mugo ajulikane. Alfajiri moja mzee huyo aliamka akitetemeka, mwili umejaa michubuko, wala hawezi kutamka neno. Wazee wa ibada wakaitwa, mbuzi dume akachinjwa, Mugo akaketishwa juu ya ngozi mbichi, na ndipo aliposema kwamba usiku ule Mungu alikuwa amempeleka katika nchi asiyoijua na kumwonyesha yatakayowafika Wagikuyu na majirani zao. Wangekuja wageni kutoka katika maji makubwa, wenye rangi ya chura mdogo mweupe na mavazi kama mabawa ya vipepeo, wakibeba fimbo za kutema moto. Na nyuma yao angekuja nyoka wa chuma, ambaye wasikilizaji wa baadaye walimtambua mara moja kuwa ni gari la moshi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na bado inapita Githurai, Kahawa na Ruiru.

Michubuko ile inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayobeba kisa kizima. Masimulizi yangeweza kumfanya Mugo aamke aking'aa, au ameongezewa nguvu, lakini yamechagua kumwamsha akiwa ameumia na bubu. Ujuzi aliorudi nao umemgharimu mwili wake, na ulimi wake haukufunguka mpaka jamii ilipofanya ibada ya kumrudisha miongoni mwake. Tofauti yake na watu wake basi haikuwa kipawa alichozaliwa nacho tu, kwa maana alikwenda mahali wasipokwenda, na wao wakalazimika kumpokea upya ili aliyoyaona yawafae. Hata ushauri aliotoa ulikuwa ushauri wa mtu wa mpakani: wageni hao wasikabiliwe kwa mikuki, kwa sababu fimbo zao zingewaua wapiganaji kabla hawajawakaribia, lakini pia wasikaribishwe karibu mno na maboma.

Jina la Mugo limefungamanishwa vilevile na mti wa mugumo uliokuwa Thika, mahali panapoitwa leo Mugumo Gardens. Inasimuliwa kwamba alitabiri kuwa utawala wa wageni ungekoma siku mti huo utakapoanguka, na kwamba maofisa wa kikoloni waliuzungushia pete ya chuma ili usianguke. Mti ulianguka mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Mtu aweza kuamini utabiri huo au asiuamini, lakini pete ile ya chuma ina fundisho lake kuhusu nguvu ya jagina, kwa kuwa neno la mtoto aliyeokotwa msituni lilikuwa limekuwa neno la nchi nzima kiasi cha kuwafanya hata wale wasioliamini walikinge kwa chuma.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wameliandikia sana suala la kufanana kwa mashujaa wa mataifa mbalimbali. Otto Rank, mwaka 1909, alilieleza kwa njia ya saikolojia, akiona katika mtoto aliyetupwa au aliyeokotwa ndoto ya kila mtoto kuhusu wazazi wake. Lord Raglan, mwaka 1936, alikusanya vipengele 22 vya maisha ya shujaa, kuanzia kuzaliwa hadi kaburi. Na Joseph Campbell, mwaka 1949, alieleza safari ya shujaa anayetoka kwao, anayeshindana na nguvu za ajabu, kisha anayerudi na zawadi. Kazi hizo zina manufaa, hasa ya Campbell kwa kusisitiza kurudi, lakini zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba zinamtazama shujaa peke yake na kuwaacha watu wake wawe pazia la nyuma tu. Tendi za Afrika Mashariki na Kati haziruhusu jambo hilo, maana ndani yake watu wa jagina wanasema, wanakataa, wanashtaki na wanasaliti.

Mfano ulio kamili kuliko yote unatoka mashariki mwa Kongo, miongoni mwa Wanyanga wa eneo la Walikale, katika Kivu Kaskazini. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya wanakijiji, na maneno yake yakaandikwa, kisha yakachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Katika utendi huo chifu Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Sita wanazaa mabinti. Wa saba anakawia, na mtoto aliye tumboni, badala ya kungoja, anaamua mwenyewe njia ya kutokea, anatoka kwa kidole cha kati cha mkono wa mamake, na anaingia duniani akicheka, akisema na kutembea, mkononi ameshika usinga wenye nguvu za ajabu. Jina lake la sifa ni Kabutwakenda, yule aliyezaliwa akaenda. Baba anamrushia mikuki, anamzika akiwa hai, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inaelea dhidi ya mkondo na kumpeleka kwa shangazi yake Iyangura.

Mpaka hapo Mwindo ni tofauti na watu wote wa Tubondo, tena anajisifu waziwazi. Msomaji aliyezoea filamu za mashujaa angetarajia utendi uishe pale anapomfuata baba yake aliyekimbilia kuzimu, anapomshinda na kumrudisha kwao. Mtambaji hakuishia hapo. Baba na mwana wanapatana na kugawana utawala, kisha Mwindo anaua dude liitwalo Kirimu, lililokuwa limewameza wawindaji wake, bila kujua kwamba dude hilo lilikuwa na urafiki na Nkuba, ambaye ndiye radi. Nkuba anamnyakua na kumpeleka angani, na huko, kwa muda wa mwaka mzima, mvua inampiga, mwezi unamwonya, jua linamchoma, nyota zinamwambia kwamba kiburi chake kimepita kiasi. Anarudi akiwa ameahidi kutoua tena mnyama, na anawapa watu sheria za kuishi pamoja. Jamii ya Wanyanga, kwa ulimi wa Rureke, ilimkubali jagina aliyezaliwa tofauti, lakini haikumkabidhi uongozi kamili mpaka tofauti hiyo ilipopata kipimo. Utendi huu una hekima ambayo haipatikani kwa wingi katika fantasia za siku hizi, ambamo nguvu za shujaa hukua kutoka kitabu hadi kitabu na hakuna mtu, wa mbinguni wala wa duniani, anayemwambia kwamba zimetosha.

Pwani ya Kenya ina Fumo Liyongo, na mwenye kutaka kujua ugeni wa jagina unatoka wapi hana budi kukaa naye kwa muda. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani. Liyongo ni mtu mrefu, mwenye nguvu za kutisha, mshairi na mpiga upinde, naye Sultani wa Pate anamwogopa asije akamnyang'anya ufalme. Mara kwa mara utenzi unamtoa mjini na kumpeleka kwa watu wa bara. Wagala wanamwona, wanavutiwa na uanaume wake, na wanampa binti yao ili wapate mbegu yake. Anapokimbilia msituni anaishi na wawindaji, Wasanye na Wadahalo, ambao Sultani amewaahidi fedha ili wamuue. Wawindaji hao wanapanga kula kikoa, desturi ya kila mmoja kuleta chakula kwa zamu, na wanakubaliana kwamba kila mtu apande mkoma na kuangua makoma, wakinuia kumfuma Liyongo zamu yake itakapofika akiwa juu ya mti bila silaha. Zamu inafika, naye hapandi. Anachukua uta wake na kuyaangua makoma kwa mishale kutoka chini.

Katika tukio hilo dogo ugeni wa Liyongo unaonekana waziwazi. Upinde ni silaha ya wawindaji wa msituni, na mtu wa mjini ambaye anautumia kwa ustadi kuliko wao amekwisha kuwa mtu wa pande mbili. Kwa Wapate yeye ni tishio kwa kuwa ana ustadi wa nyika. Kwa watu wa nyika yeye ni mwana wa kifalme kutoka mjini. Hata kuokoka kwake gerezani, alikofungwa na Sultani, kunategemea ufahamu wa tofauti za vyeo: vyakula vizuri alivyoletewa na kijakazi Saada vililiwa na askari, kwa hiyo mama yake akaoka mkate wa wishwa na kuificha tupa ndani yake, askari wakaudharau mkate, na Liyongo akakata minyororo wakati ngoma ya gungu ilipokuwa ikivuma nje.

Kifo chake nacho kinatoka mpakani palepale. Hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo anaijua yeye na mama yake tu, mpaka anapomwambia mwanawe, aliyezaliwa na yule mke wa Kigala na ambaye Sultani amemhonga ahadi ya ndoa na cheo. Kitovu ni mahali ambapo kila mwanadamu alifungwa na mama yake. Ni alama kwamba hakujizalia. Watunzi wa Waswahili walipotafuta mahali pa kumfanya mtu huyu wa ajabu awe binadamu kama wengine, walichagua hapo, na hakuna mahali ambapo pangefaa zaidi. Liyongo anaamka, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale katika uta, na anakufa katika hali hiyo, hata watu wa mji wanakaa siku kadhaa wakiogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Lwanda Magere, jagina wa Waluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe, anakutwa na mauti kwa njia inayokaribiana na hiyo: anaoa binti wa maadui zake, anaugua, anamwagiza mke amchanje dawa juu ya kivuli chake, na siri inarudi kwa watu wa mke. Kwa hawa wawili, mlango uliompa jagina ukubwa wake ndio uliomwingiza adui.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938 Kamirithu karibu na Limuru, katika kaunti hiyohiyo ya Kiambu, alimchukua Mugo wa Kibiru na kumfanya babu wa shujaa wa riwaya yake The River Between ya mwaka 1965. Mzee Chege wa riwaya hiyo, ambaye si yule mtabiri, anampandisha mwanawe Waiyaki, shujaa mwenyewe, kilimani, anamwambia kwamba wao ni wa ukoo wa yule mtabiri, kisha anampeleka shule ya wamisionari huko Siriana ili ajifunze siri za mzungu bila kuziiga tabia zake mbaya. Waiyaki anarudi akiwa mwalimu anayependwa na watu wa kilima cha Kameno, lakini anampenda Nyambura, binti wa mhubiri Mkristo wa kilima cha pili, Makuyu, na mwishowe watu wanamwacha mikononi mwa Kiama, baraza la wazee, limhukumu. Ngũgĩ aliona jambo ambalo waandishi wengi hulikwepa: watu wanaweza kumpenda jagina kwa sababu ya kile alichokileta kutoka nje, na papo hapo wakamwogopa kwa sababu alitoka nje.

Fantasia ya nchi za Magharibi ina namna yake ya kulitatua jambo hili, nayo inahitaji kusomwa kwa tahadhari. J.R.R. Tolkien, katika The Hobbit ya mwaka 1937, alihitaji kueleza kwa nini Bilbo Baggins, mmoja wa watu wadogo wapenda starehe wasiotaka matukio, alikubali kwenda safari ya hatari, na akaeleza kwamba upande wa mama yake ulikuwa na damu ya wapenda safari. R.A. Salvatore alimwingiza Drizzt Do'Urden katika riwaya The Crystal Shard ya mwaka 1988 akiwa mhusika wa kuandamana na wengine tu; Drizzt ni wa kabila la majini weusi waishio chini ya ardhi, wanaojulikana kwa ukatili, ilhali yeye ni mwema. Wasomaji walipompenda, ilibidi mwandishi arudi nyuma, na katika Homeland ya mwaka 1990 akampa baba, Zaknafein, ambaye kwa siri alikuwa na dhamiri ileile. Waandishi wote wawili walihisi kwamba tofauti isiyo na chanzo haiaminiki, na wote wawili walikitafuta chanzo hicho katika damu.

Njia ya damu ina hatari ambayo wasomaji wa Afrika wana sababu ya kuitambua mapema. Shujaa akiwa mwema kwa kuwa damu yake ni tofauti, basi watu wake waliobaki ni wabaya kwa damu, na kila tendo jema analolifanya linageuka kuwa ushahidi dhidi yao. Enzi ya ukoloni ilijaa sifa za namna hiyo, pale msomi au mtumishi mmoja aliposifiwa kwamba si kama wenzake, na sifa hiyo ikawa tusi kwa kijiji kizima. Mwindo, Liyongo na Mugo hawatumiki hivyo. Wanyanga hawaonekani kuwa duni kwa sababu Mwindo alizaliwa akitembea, kwa kuwa mtambaji ameonyesha wazi kwamba yeye naye alihitaji kufundishwa. Na Wagikuyu hawaonekani kuwa vipofu kwa sababu Mugo aliona mbali, kwa kuwa ni wazee wao waliomfungua kinywa. Kijana wa Kahawa Wendani anayeandika fantasia yake leo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, ana akiba hii ya mbinu mkononi, nayo ni tajiri kuliko ile ya kutafuta babu mwenye damu ya pekee.

Ngũgĩ mwenyewe aliifikisha mbinu hiyo mbali katika Matigari, riwaya aliyoiandika kwa Kigikuyu akiwa uhamishoni, ikachapishwa Nairobi mwaka 1986. Jagina wake anatoka msituni baada ya vita virefu, anazika silaha zake chini ya mti wa mugumo, anajifunga mshipi wa amani na kuanza kuwauliza watu ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Wakati mwingine ni mzee, wakati mwingine ni kijana. Nchi yake haitajwi, wala miaka haihesabiki. Ngũgĩ alieleza kwamba mapema mwaka 1987 wakulima wa Kenya ya kati walikuwa wakisimuliana habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali hayo, na kwamba amri ilitolewa akamatwe. Polisi walipotambua kwamba ni mhusika wa kitabu, walikwenda madukani wakachukua nakala za kitabu chenyewe.